Siku Nane za Kumlisha Samli

Batula alimkalisha paka mapajani, akamkaza kichwa kwa kiwiko, akamfunua mdomo kwa dole gumba kama anavyofunuliwa mtamba sokoni ajulikane umri wake. Alikuwa akifunua midomo ya ng'ombe tangu akiwa msichana wa kuchunga ndama, na hakukuwa na mdomo uliomficha jambo. Meno ya mbele, madogo kama punje za mchele, yalikuwa yamepungua mawili. Chonge za juu zilikuwa nzima. Lakini huko nyuma upande wa kulia, magego yalikuwa yamevaa ukoga mgumu wa rangi ya kahawia, na ufizi wake umeumuka, mwekundu kama nyama mbichi. Harufu iliyotoka humo ilimfanya ageuze uso.

"Subhanallah," alisema. "Samli, haya yote ulikuwa ukinificha?"

Paka akajinyonga, akachopoka mikononi mwake, akaenda kujikunyata chini ya kitanda.

Leo ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu mdomoni. Si kwamba zamani alikuwa mlaji mwepesi. Samli hakula kwenye bakuli la plastiki, alitaka kisahani chake cha bati chenye ua la bluu. Hakula chakula kilicholala. Hakula kuku ila shingo yake. Chungu mmoja akipita kwenye kisahani, basi, mpaka kioshwe na kuwekwa upya. Marehemu Kotile, mume wa Batula, ndiye aliyemdekeza. Alimleta miaka tisa iliyopita kutoka boma moja upande wa Kilelengwani, ndani ya mfuko wa koti, kipaka cha rangi ya samli iliyoganda, akampa jina hapo hapo mlangoni. Na Kotile alipoanza kung'oka meno uzeeni, Batula alikuwa akiwatwangia nyama wote wawili kwenye kinu kimoja, mzee akila kwa kijiko na paka akila pembeni yake. Sasa mzee ana miaka mitatu kaburini, na paka bado analala upande wake wa kitanda.

Hawo, dada ya marehemu, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, aliingia bila hodi kama kawaida yake, akachungulia chini ya kitanda.

"Bado hajafa?"

"Mdomo wako, wifi."

"Mimi nauliza tu. Ng'ombe akiisha meno tunafanya nini? Tunamuuza kabla hajakonda. Nani hajui hilo?"

"Haya, mtafutie mnunuzi. Nenda soko la mifugo ukaulize nani anataka paka kibogoyo."

Hawo alicheka mpaka akashika mlango. "Kibogoyo mchagua chakula! Huyo hata bure hachukuliwi."

Batula hakucheka. Alitoa kikapu chake cha ukindu, akatandika shuka kuukuu ndani, akapiga magoti na kumvuta paka kwa upole kutoka gizani. Alikuwa mwepesi mno. Alikuwa kama nguo iliyokauka kwenye kamba.

Ofisi ya mifugo ilikuwa na picha kubwa ya ng'ombe ukutani na harufu ya dawa ya kuogeshea kupe. Daktari Tsuma, kijana mrefu mwenye sauti ya polepole, aliangalia kikapu, akamwangalia Batula.

"Shikamoo, mama. Leo umeniletea ndama wa namna gani?"

"Marahaba. Ndama wa kufuga ndani. Ana meno mabovu."

Tsuma akafungua droo, akatoa glavu za kukagulia ng'ombe, zile zinazofika mpaka begani, akaziangalia, akacheka peke yake na kuzirudisha. Alinawa mikono, akamfunua paka mdomo, akatazama kwa tochi ya simu.

"Magego matatu hayafai, mama. Yang'olewe. Mengine nitayakwangua ukoga."

"Yang'oe."

"Si leo." Aliikamata ngozi ya shingo ya Samli kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachilia. Ngozi ikabaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa kilichopigwa pasi, kisha ikashuka taratibu. "Unaona?"

Batula alikuwa ameona. Ndama wa kuharisha hufanya vivyo hivyo. "Amekauka maji."

"Amekauka, na amekonda. Kumng'oa lazima nimpe dawa ya usingizi, na nikimpa akiwa hivi, atalala moja kwa moja. Nitampiga sindano ya kukausha usaha leo. Wewe umlishe. Arudi Alhamisi ijayo."

"Alhamisi ni siku nane. Kwa nini usiseme mwezi, apate nafasi ya kunenepa?"

"Kwa sababu Ijumaa yake tunaondoka kwenda kuchanja ng'ombe. Delta nzima, mwezi mzima. Na meno haya, mama, hayatamngoja mwezi."

Batula alitingisha kichwa pole pole. "Basi Alhamisi. Awe vipi ndipo umguse?"

Tsuma alitafuta mizani. Hakuna. Palikuwa na utepe wa kumpimia ng'ombe kifua, ambao ukimzungushia Samli unamzunguka mara nne. Ikabidi waende wote sokoni, hatua chache kutoka hapo, kwa Salama muuza samaki, mwanamke wa Kipini aliyekuwa na mizani ya kuning'inia yenye ndoano. Kikapu kitupu kilipimwa kwanza, kisha kikapu na paka. Ilipotolewa hesabu ya kikapu, Samli alikuwa kilo mbili na gramu mia mbili.

"Mia nne," alisema Tsuma. "Akifika mbili na mia nne, namlaza."

"Salama, mizani yako leo inasema kweli?" alidakia mteja mmoja. Watu wakacheka.

"Kwa paka yasema kweli," alijibu Salama. "Kwako weye ndiyo yasitasita."

Kabla hawajaachana, Tsuma akauliza Batula humlisha nini. Batula akataja kila kitu, kimoja baada ya kingine, kwa vidole: shingo ya kuku, samaki wa mtoni, utumbo wa mbuzi uliochemshwa, maziwa asubuhi na jioni, na ule mfuko wa chakula cha paka ambao mwanawe Suleiman alimtumia kwa basi kutoka Mombasa, vijipande vikavu kama kokoto.

"Hivyo vikavu acha. Mpe laini, vuguvugu, kidogo kidogo mara nyingi. Na maziwa usimpe kwa sasa."

"Nini?"

"Maziwa, mama. Yatamharisha, azidi kukauka."

"Paka wa sisi Waorma, watu wa ng'ombe, asinywe maziwa?"

"Mpaka apone."

Batula alimtazama kijana huyo kama mtu aliyeambiwa jua lifungiwe ndani. Lakini alikuwa ameuliza mwenyewe, na mtu akiuliza husikiliza jibu. "Sawa," alisema. "Hatakunywa."

Siku ile ile akaanza. Alichukua vile vikavu vya Suleiman, kwa kuwa kutupa kitu kizima kulimshinda, akaviloweka kwenye mchuzi wa mifupa ya mbuzi mpaka vikaumuka na kuwa uji. Akaupima joto kwa mkono, akatia kwenye kisahani chenye ua la bluu. Kisha, kama alivyofanya maisha yake yote kwa kila mnyama aliyekataa malisho, alitumbukiza vidole vitatu kwenye kopo la chumvi lililokaa dirishani, akanyunyiza. Mnyama asiyekula hupewa chumvi. Ng'ombe akizubaa, chumvi. Mbuzi akitoka kuzaa, chumvi. Ngamia wa jirani akigoma, chumvi. Mkono wake ulifanya hivyo bila kumuuliza yeye mwenyewe.

Samli alikuja. Alinusa. Alilamba mara moja, akatikisa kichwa kwa nguvu, akajipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, akarudi chini ya kitanda.

"Hakitaki," alisema Batula. "Haya, hicho si chako."

Kesho yake, Alhamisi, alinunua kambale kwa Salama, akachagua yule mnene wa tumbo, kwa kuwa mafuta ya kambale ndiyo yanayorudisha nyama mwilini. Alimchemsha, akamwacha apoe, akatoa mfupa mmoja mmoja akiuinua kwenye mwanga wa mlango, na miba yote akaipanga pembeni mwa sahani. Kisha akamponda kwa mgongo wa kijiko mpaka akawa laini kama siagi. Vidole vitatu kwenye kopo. Samli alinusa mbali, hata hakulamba.

Ijumaa ilikuwa ini la mbuzi. Ini halikupondwa, lilikwanguliwa: Batula aliliweka juu ya ubao na kulikwangua kwa ubavu wa kisu, ili kamba zake zibaki kwenye ubao na utelezi peke yake ukusanyike. Ni kazi ya mgongo. Hawo alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele, akimtazama.

"Siku zetu paka alikula panya."

"Siku zetu na sisi tulikuwa na meno."

"Mimi bado ninayo."

"Manne, wifi. Nimeyahesabu ukicheka."

Ini lilinyunyizwa, likawekwa, likakataliwa. Yai lililovurugwa kwa maji likakataliwa pia. Jumamosi Batula alihamisha kisahani mara tatu, mara kando ya kitanda, mara uani kwenye kivuli, mara juu ya kile kigoda cha marehemu ambapo Samli alipenda kulala. Alikiosha kwa maji ya moto kila mara. Alidhani labda ni sabuni, akakisugua kwa majivu. Jioni alitoa lile bomba la sindano lisilo na sindano alilopewa na Tsuma, akamkumbatia paka ndani ya leso, akamdondoshea pembeni mwa mdomo. Maji safi Samli aliyameza, tena kwa hamu, akilamba ncha ya bomba. Mchuzi wa kambale aliutema wote, ukamwagika kwenye leso, akalia kilio chembamba ambacho Batula hakuwahi kukisikia kwake.

Batula alikaa na bomba mkononi. Maji anameza, mchuzi anatema. Koo basi ni zima. Njaa ipo, kwa kuwa anakuja kila akiitwa, ananusa, anatamani. Kuna kitu ndani ya chakula. Aliwaza labda ni mafuta, labda ni harufu ya mtoni. Aliwaza vitu vyote vilivyokuwa ndani ya sufuria, kimoja kimoja. Chumvi hakuiwaza. Chumvi haikuwa chakula, ilikuwa dawa, ndiyo maana hata kwa Tsuma hakuitaja.

"Mwache, wifi," alisema Hawo, safari hii bila kicheko. "Amekwisha. Kuna wakati mtu huachia."

"Kuna siku tano."

"Na akifa siku ya tano?"

"Atakufa nikiwa nimeshika kijiko."

Jumapili asubuhi Batula aliamka na kukuta chini ya kitanda hakuna paka.

Alitafuta nyuma ya mtungi, kwenye rundo la kuni, chini ya kitanda cha Hawo. Paka akitaka kufa huondoka nyumbani, alilijua hilo. Alizunguka ua akiita, leso imemteleza kichwani, mpaka akasikia kelele kwa jirani, sauti ya mtoto akilia na ya mama akicheka na kukemea pamoja.

Pauline, binti wa Kipokomo aliyeolewa kutoka Ngao, alikuwa amesimama mlangoni pake na mwiko mkononi. "Nyanya! Njoo umwone mgonjwa wako! Anamdhulumu mwanangu!"

Mtoto Zakaria, mwenye miezi tisa, alikuwa ameketi mkekani na bibu, kitambaa cha mate, shingoni, akinyoosha mikono na kulia. Mbele yake palikuwa na bakuli, tena la plastiki, la rangi ya waridi, na ndani ya bakuli, kichwa chote kimezama, alikuwa Samli. Alikuwa akila. Alikula kwa upande wa kushoto, kichwa kimeinama, akinguruma chini kwa chini kama simba mdogo, na alipomaliza akalamba bakuli mpaka likaanza kutembea juu ya mkeka.

Batula alishika nguzo ya mlango.

"Pole, mwanangu, nitakulipia samaki..."

"Ah, samaki gani, nyanya! Wengine wako jikoni." Pauline alimbeba mtoto, akambembeleza. "Kumbe anakula! Si ulisema siku sita hajala?"

"Siku saba leo. Umempikia nini mtoto?"

"Perege tu. Nimechemsha, nikamponda na maji yake."

"Na nini?"

"Basi."

"Kitunguu?"

"Hapana."

"Mafuta?"

"Hapana, nyanya. Perege na maji."

Batula alichovya kidole kwenye mabaki yaliyokuwa kandokando ya bakuli, akaweka kwenye ulimi. Chakula kilikuwa kimepooza kabisa. "Hata chumvi hukutia?"

"Kwa mtoto? Kliniki walitukataza. Hajafika mwaka, asipewe chumvi."

Batula alimchukua Samli, akamweka begani, akaenda nyumbani kwake moja kwa moja mpaka dirishani. Alikuwa na jino lake mwenyewe la nyuma lililovunjika tangu mwezi uliopita, na pembeni yake kidonda kidogo ambacho ulimi wake ulikuwa ukikizunguka mchana kutwa. Aliokota chembe chache za chumvi kwenye kopo, akazibandika hapo hapo kwenye kidonda, akafunga mdomo.

Machozi yalimtoka. Alijishika shavu, akaegemea ukuta, akahesabu mpaka ishirini kabla ya kutema.

Siku nne. Siku nne alikuwa akimkwangulia ini, akimtolea miba mmoja mmoja kwenye mwanga, kisha kwa mkono wake mwenyewe anamtilia moto mdomoni.

Halafu likaja jambo jingine ambalo hakuliita. Alimwona Kotile akiwa ameegemea mto ule pale kitandani, wiki zake za mwisho, midomo imemkauka na kupasuka, ndani ya mdomo kuna vidonda vyeupe. Alimwona akiupokea mchuzi, akionja, akiurudisha. "Weka hapo, Batula. Nitakunywa baadaye." Na yeye alidhani mchuzi umepooza, ndiyo maana mgonjwa haupendi, akauongeza chumvi. Na kesho yake akauongeza tena. Kotile hakuwa mtu wa kulalamika. Na yeye hakumuuliza.

Alikaa kitandani. Samli aliruka kutoka begani, akazunguka mara mbili kwenye sehemu yake, akalala, tumbo limetuna kidogo. Batula alimwekea mkono ubavuni. Alikaa hivyo mpaka jua la mlangoni likahama kutoka mkekani hadi kwenye mguu wa kigoda. Kisha akainuka, akachukua lile kopo la chumvi, akapanda juu ya kigoda na kulisukuma juu kabisa ya kabati, nyuma ya sanduku, mahali ambapo mkono wake hautafika bila yeye kujua.

Zilibaki siku nne.

Alimlisha baada ya sala ya alfajiri, na jua likipanda, na adhuhuri, na alasiri, na magharibi, na kabla ya kulala. Kila mlo vijiko viwili, si zaidi, kwa kuwa tumbo lililolala njaa likijazwa ghafla hurudisha kila kitu. Kambale asubuhi kwa ajili ya mafuta. Ini lililokwanguliwa mchana. Shingo ya kuku, ile aliyoipenda, Batula aliichemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa, akaisaga kwa jiwe. Yai alilikataa hata bila chumvi, na kambale wa kukaushwa kwa moshi alimfukia kwa mguu kama anavyofukia choo chake, na Batula akafurahi. Sasa aligoma kwa madeko yake, si kwa maumivu, na tofauti hiyo alikuwa ameijua.

Jumanne adhuhuri Samli alinusa ini, akalamba, akatikisa kichwa, akajipangusa mdomo kwa mguu.

Batula aliganda. Aliinama, akachovya kidole, akaonja.

"Hawo!"

"Labeka."

"Njoo hapa. Nani ametia chumvi kwenye kisahani hiki?"

Hawo alitokea mlangoni, mikono ina unga, uso umejaa huruma. "Mimi, wifi. Nimepita nikaonja, nikaona kimepooza. Nikamhurumia. Mnyama gani anakula chakula cha mgonjwa wa presha?"

"Umeitoa wapi?"

"Kwangu. Ya kwako nimeitafuta nisiione."

"Hawo. Fungua mdomo."

"Nini?"

"Si una kile kidonda kwenye ufizi ulichokuwa ukikililia juzi? Fungua nikutilie chumvi."

Hawo alifunga mdomo wake kwa mkono mzima wa unga. Walitazamana. Kisha macho ya Hawo yalishuka kwenye kisahani, yakapanda kwa paka, na taratibu mkono ukamtoka mdomoni, ukaacha alama nyeupe mpaka kwenye pua.

"Ya Rabi," alisema. "Inachoma?"

"Inachoma."

"Na zile siku zote..."

"Zile siku zote ni mimi."

Hawo alikichukua kisahani mwenyewe, akaenda kukiosha mara tatu. Aliporudi alikaa juu ya ubao, akashika kisu, akaanza kukwangua ini. Hakupumzika mpaka usiku wa Jumatano, wakati Samli alipopewa mlo wa mwisho mapema, kwa kuwa Tsuma alisema mnyama wa kulazwa asile kuanzia isha.

Alhamisi asubuhi wote watatu walikuwa sokoni, Batula amebeba kikapu, Hawo amebeba shuka. Salama aliacha kupara samaki, akafuta ndoano kwa kitambaa. Tsuma alisimama, mikono nyuma. Kikapu kitupu kikapimwa. Kisha na paka. Mshale ukayumba, ukatulia.

"Mbili na mia tatu na hamsini," alisoma Salama kwa sauti ndogo.

"Sukuma kidogo, dada, kama unavyofanya siku zote," alisema yule mteja wa juzi, lakini hakucheka mtu.

Tsuma alikuna kidevu. "Tulisema mia nne, mama."

"Tulisema."

"Nakwambia kweli, hamsini si kitu kidogo kwa mnyama wa kimo hiki."

"Daktari." Batula alikiweka kikapu mezani, kati ya samaki. "Wewe ulitaka kilo ili ujue nini?"

"Nijue ana nguvu ya kuamka."

"Siku ile hukupima kwanza. Kwanza ulivuta ngozi. Mimi sijui kilo za paka. Najua ngozi. Nimeivuta kwa ndama tangu sijaolewa, na ndama ambaye ngozi yake inarudi sijamzika. Vuta."

Tsuma alimtazama. Kisha akatia mkono kikapuni, akaikamata ngozi ya shingo, akaivuta juu na kuiachilia. Ikarudi mahali pake kabla vidole havijaondoka. Akavuta tena. Safari hii Samli aligeuka, akamkwaruza kifundo cha mkono, mistari mitatu ya damu iliyonyooka, kisha akageuza kichwa kwenye meza na kuanza kumnyemelea perege wa Salama.

"Mshikeni mwizi!" alipiga kelele Salama.

Tsuma alinyonya kifundo chake. "Amekula siku ngapi mfululizo?"

"Nne. Mara sita kila siku."

"Ulimbadilishia nini?"

"Nimemwondolea chumvi."

Kijana alifungua mdomo, akakumbuka vile vidole alivyohesabiwa siku ya kwanza, akaufunga. "Chumvi sikukuuliza," alisema.

"Na mimi sikukwambia. Twende."

Ilichukua muda wa kupika chungu cha maharagwe. Batula na Hawo walikaa kwenye benchi nje, chini ya ile picha ya ng'ombe iliyoonekana dirishani. Mara moja Hawo alisema, "Asipoamka, wifi..." na Batula akasema, "Ngoja," na Hawo akangoja. Tsuma alipotoka alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na magego matatu, madogo kuliko mbegu za tikiti, moja lina shimo jeusi.

"Amelala," alisema. "Sasa ni kumngoja."

Waliingia. Samli alikuwa amelala kwenye shuka, ulimi umetoka pembeni, ubavu ukipanda na kushuka. Batula aliweka mkono wake hapo na hakuuondoa. Mkono ukafa ganzi, akauacha. Nje waadhini waliita adhuhuri. Ndipo mkia ukatikisika ncha, halafu sikio, halafu jicho moja likafunguka, la manjano, lenye hasira, likamtafuta wa kumlaumu.

"Karibu," alisema Batula. "Karibu, mwanangu."

Jioni ile Samli alikula kijiko kimoja cha kambale aliyepondwa mpaka akawa maji, kutoka kwenye kisahani chenye ua la bluu, akapanda kitandani kwa kuyumbayumba na kulala upande wake. Kisha Batula alimpakulia wifi yake mchuzi na wali, akajipakulia na yeye. Alikuwa amepanda kigoda na kuliteremsha lile kopo. Alilishika juu ya bakuli la Hawo, vidole vitatu tayari ndani, akasita.

"Nikutilie?"

Hawo aliinua uso. "Tangu lini wewe unaniuliza?"

"Nakuuliza leo."

Hawo alizungusha ulimi ndani ya shavu, kule kwenye kidonda chake, akafikiri kwa makini kama mtu aliyeulizwa jambo kubwa.

"Kidogo," alisema. "Kidogo sana, wifi. Hapo pembeni."